Uwanja Uliofagiliwa Sana Hauna Ndege

Watu wakishajua kwamba nina ugonjwa wa kuangalia ndege, swali la kwanza huwa hilo hilo: "Niwawekee nini wale?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Usiwawekee kitu. Mwaga kiporo cha wali juu ya ukuta hapa Dar es Salaam uone nani atafika wa kwanza. Kunguru. Na kunguru wakishajua kwako kuna mlo wa asubuhi, hawaji kula na kuondoka tu. Wanakagua kila mti, wanachungulia kila kiota, na baada ya muda utabaki nao peke yao, wakigombana juu ya bati.

Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani yetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba watasaidia kusafisha takataka za mji. Takataka hazikuisha. Kunguru ndio waliozaana, wakavuka bahari, na leo wamejaa miji ya pwani ya Tanzania na Kenya. Ndiyo maana wazee wa hapa Dar bado wanawaita kunguru wa Zanzibar. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, na chochote kilichoachwa wazi jikoni. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Serikali ikifika mahali pa kuhesabu kwa milioni, wewe na uwanja wako hamwezi kuwamaliza. Mnachoweza ni kuwanyima mlo: ndoo ya takataka yenye mfuniko unaobana, vyombo visilale nje, kiporo apewe kuku aliye bandani.

Najua picha zinazotuchanganya. Tumeona video za Uingereza, kibanda kidogo kimening'inizwa mtini, ndege wa rangi wanapokezana kudonoa mbegu. Kule theluji ikianguka chakula kinapotea kweli, na kibanda kile kinaokoa maisha. Huku kwetu mwezi wowote utakaoutaja kuna kitu kinachochanua, kinachoiva au kinachotambaa. Ndege wa Goba, hapa Dar, hana shida ya mbegu. Shida zake ni maji wakati wa kiangazi, pa kujificha, na wadudu wa kulishia watoto. Vyote vitatu tunaviondoa wenyewe, kwa pesa zetu, tukiamini tunafanya usafi.

Tuanze na maji maana ndiyo rahisi. Mimi natumia sahani ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua, inauzwa na wauza miche pembeni ya barabara. Udongo una faida: unakwaruza, ndege anashika. Beseni la plastiki linateleza, na likiwa na kina ndege mdogo hatatia mguu. Maji yasizidi upana wa vidole viwili, na katikati weka jiwe lililochomoza. Nimeiweka juu ya tofali, hatua chache kutoka kwenye kichaka: ndege akishtuka apate pa kukimbilia, lakini paka wa mtaani asipate pa kujibanza na kuruka. Shorewanda ndio waliofika mwanzo, hao wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Shorewanda hajui kuoga kistaarabu. Anaingia mzima mzima, anapiga mbawa hadi nusu ya maji inamwagika, anatoka, anatikisika, anarudi tena wakati tetere wamesimama pembeni wakisubiri zamu.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza asali ya maua, yeye haingii kwenye sahani. Anaoga kwenye majani yaliyolowa. Asubuhi nikimwagilia, napitisha mpira juu ya jani la mgomba, na mara nyingi kabla sijafunga bomba kuna chozi anateleza juu ya lile jani akijipangusa kifua.

Sasa, ukitaja maji yaliyotuama hapa mjini mtu anakukumbusha dengue, na ana haki. Tuliipata mwaka 2014, tukaipata tena 2019. Mbu wake, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, anataga kwenye vyombo vidogo kama hicho, na mayai yake hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, ambako yanaweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila asubuhi mwaga, sugua sahani kwa brashi, jaza upya. Maji ya jana yaende kwenye mchicha. Kama huna nafasi ya kufanya hivyo kila siku, usiweke sahani; panda miti tu, ndege watakuelewa.

Nafika kwenye fagio, na hapa ndipo ninapogombana na kila mtu.

Tumelelewa tukijua kwamba uwanja wa heshima ni mchanga mtupu wenye alama za ufagio wa chelewa. Alfajiri mtoto wa kike anainama, anafagia hadi chini ya miti, majani yanakusanywa yanachomwa. Mgeni akija akikuta majani mabichi na makavu yamelala, anajua nyumba hii ina uvivu au ina msiba. Mimi nimeacha kona moja ya nyuma, chini ya mwembe na mwarobaini, haifagiliwi kabisa. Majani yanaanguka yanalala. Chini yake kuna jongoo, panzi, mchwa, minyoo, buibui, konokono. Na juu yake, asubuhi mapema na jioni, kuna ndege mmoja mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, anayeruka hatua mbili, anapindua jani, anasimama, anapindua lingine. Ndiye huyo huyo anayeanza kuimba kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sauti ndogo inayopanda na kupanda mpaka unajiuliza kama ni ndege mmoja au wawili. Mara nyingi ni wawili, dume na jike wanapokezana. Nyumba zilizosakafiwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta haziwezi kumpata huyu hata wakiweka mtama gunia zima.

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye namheshimu, alisimama getini akaitazama kona ile.

"Jirani, hayo majani yatakuletea nyoka."

Sikumbishia kwamba nyoka hawapo. Wapo. Pwani hii ina swila, na ina yule wa kijani anayekaa kwenye miembe na mikorosho, ambaye si wa kuchezewa. Lakini nyoka anafuata panya, na panya wanafuata takataka za jikoni na rundo la matofali na mabati lililobaki tangu ujenzi. Rundo hilo ndilo la kuondoa. Karibu na nyumba, milangoni, njia za watoto, mimi nafagia kama mama yangu alivyonifundisha. Majani yanakaa mbali, nyuma, mahali ambapo hakuna anayepita usiku bila tochi. Isitoshe kona ile imemleta dudumizi. Ndege mkubwa, mwekundu-kahawia mgongoni, mzito wa kuruka, anayetembea chini ya vichaka akitafuta panzi, konokono, mijusi na hata nyoka wadogo. Humwoni kirahisi, unamsikia: sauti yake inashuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Watu wa pwani husema akilia mvua iko njiani. Nilipomwambia jirani kwamba dudumizi anakula nyoka, akasema, "Basi na afanye haraka." Tukaachia hapo.

Kuhusu miti ya kupanda ningeweza kujaza kurasa, lakini nitakaa kwenye ile michache ninayoiona kila siku. Wengi wakishamaliza ukuta wanapanga miashoki mstari mmoja, mirefu na minyofu, na chini wanatandika nyasi za Pemba. Inapendeza kwenye picha. Kwa chozi ni jangwa. Mgomba mmoja unampa zaidi ya miashoki yote hiyo, kwa sababu ua la mgomba linafunuka jani kwa jani kwa muda mrefu, na chini ya kila jani la zambarau kuna safu ya maua yenye asali. Mkomamanga nao, mshubiri, haibiskasi ya zamani yenye petali chache. Hizi mpya zilizojazana petali ni nzuri kwa macho ya mtu, mdomo wa ndege unapata tabu kufika ndani.

Ila chozi haishi kwa asali tu. Jike akitotoa anatafuta buibui na wadudu laini, na watoto wake hukua kwa nyama hiyo. Hata kiota kinategemea buibui: ni kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, kimefungwa kwa utando, kina kibaraza kidogo juu ya mlango, na kwa nje kimebandikwa vipande vya majani makavu, maganda ya mti na uchafu mwingine usiojulikana. Kwa mbali unaona takataka iliyonasa. Kijana aliyekuja kupogoa uzio kwa jirani alikikata kimoja akiwa na nia njema kabisa. "Bosi, nimekusafishia na upande wako," aliniambia, na nilimlipa nauli yake. Tangu siku hiyo mkasi hauingii kwangu kabla sijazunguka kila tawi mwenyewe. Na utando wa buibui kwenye kona za baraza nimeuombea msamaha kwa mke wangu. Wa ndani unatolewa, wa nje unabaki.

Dawa ya kupulizia nayo ni hivyo hivyo. Unapulizia mlimau kwa sababu majani yameliwa, na unaua chakula cha watoto wa ndege wote wa uwanja, hata wale wanaokula mbegu wakikua, maana makinda ya mnana nayo hulishwa wadudu. Ningeomba mtu akae na mlimau wake kabla hajabeba pampu. Kwenye jani changa kuna yai moja, la njano, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Linatoka kiwavi cheusi chenye baka jeupe mgongoni, na kimekaa katikati ya jani, wazi kabisa, bila kujificha. Hakihitaji kujificha kwa sababu kinaonekana kinyesi cha ndege, na hakuna ndege anayekula kinyesi chake. Kikishakua kikubwa mno kwa uongo huo, kinajivua ngozi na kuwa cha kijani chenye mikanda ya kahawia. Sasa kinafanana na jani. Ukikigusa kwa kijiti, nyuma ya kichwa inachomoza pembe laini ya rangi ya chungwa yenye ncha mbili, na harufu kali inapanda hadi puani. Mwanangu anaita kiwavi kile "mwenye hasira". Baadaye kinajifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja kiunoni na kunyamaza, na kinachotoka ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, yule yule unayemwona akihangaika kwenye maua ya boganvilia mchana. Mlimau unapoteza majani kadhaa. Mlimau wenyewe haujali, unachipua.

Kuna miti ambayo nitakuonya. Mzambarau ni karamu: shorewanda, kuzumburu wenye mikia mirefu, usiku popo. Lakini kila anayekula anaenda kupumzika juu ya kamba ya nguo au juu ya gari, na zambarau haitoki kwenye shati jeupe. Panda mbali. Mwarobaini unaleta ndege na popo wengi wakati matunda yameiva, na miche yake itaota kila mahali walipodondosha mbegu, mpaka kwenye mfereji wa bati. Ng'oa ikiwa midogo. Papai acha tunda moja la juu kabisa liivie mtini. Hilo usilihesabu lako.

Minana sina la kufanya ili waje. Wamechagua mnazi wa jirani unaoning'inia upande wangu, na mimi nanufaika bure. Wakati wa kujenga, dume, wa njano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, anatua kwenye kuti, anang'ata ukingo wa jani, anaushika kwa mdomo kisha anaruka. Uzito wake na mwendo wake ndio unaochana. Anaondoka na uzi mrefu wa kijani. Anaanza kwa kufunga pete, anasimama ndani ya pete hiyo, na kutoka hapo anasuka mbele yake kadiri mdomo unavyofika, bila kuhama mguu. Kikishakuwa kiota ananing'inia chini yake kichwa kikiwa chini, anapiga mbawa na kupiga kelele kuwaita majike. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi za ndani kupima. Mara nyingi anaondoka. Kiota kikikauka bila mwenyeji, dume anakifumua mwenyewe na kuanza upya kwenye tawi lile lile. Na ndani ya viota kuna jambo jingine usiloliona kutoka chini: kila jike hutaga mayai ya rangi yake, mwingine meupe, mwingine ya bluu-kijani, mwingine yenye madoadoa, ili kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wengine, akija kuchomeka yai lake apate shida ya kufananisha. Jirani anasema wanaharibu makuti. Wanaharibu kweli, mnazi ule umebaki mifupa upande mmoja. Lakini nazi bado anaangua.

Usiku uwanja una wenyewe wengine. Mijusi kafiri kwenye taa ya baraza, popo wadogo wanaokula mbu, na mara chache bundi juu ya nguzo ya umeme. Bundi akilia mtaa mzima unalala vibaya, wengine wanatoka na mawe. Mimi imani ya mtu siivunji kwa mjadala wa usiku. Nasema tu kwamba bundi yupo kwa sababu panya wapo, na kwamba adui yake mkubwa mjini pengine si jiwe. Ni yule anayepita na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni". Panya akila ile sumu hafi hapo hapo. Anatangatanga mchana na usiku akiwa amelegea, ndiye windo rahisi kuliko wote, na bundi akimla analipia. Tumia mtego. Ziba matundu. Paka naye afungiwe ndani alfajiri, wakati makinda wanajifunza kuruka.

Watoto wa mtaa walikuja na manati, kama sisi tulivyokuja na manati na ulimbo wa utomvu wa mfenesi enzi zetu, na hakuna hotuba iliyowahi kumfanya mtoto aweke manati chini. Darubini iliwafanya. Nina moja ya zamani, wanaazima kwa zamu wakiwa ndani ya geti. Sasa wananipa taarifa ambazo sikuziomba: "Anko, yule wa bluu karudi," na mdiria, ndege anayejulikana kwa kuvua samaki, kweli yuko kwenye waya, ingawa hakuna mto karibu. Mdiria wengi hawahitaji mto, wanakula panzi na mijusi. Hilo walikuwa hawalijui hata wazazi wao.

Naandika haya mvua za vuli zikikaribia, na ndio wakati mzuri wa kutia miche ardhini, kwa sababu itapata maji bila wewe kubeba ndoo. Kuanzia Oktoba wanaanza pia kufika wageni wa kaskazini. Mbayuwayu kila mtu anawaona. Mwingine haonekani mpaka umtafute: ndege mdogo wa kijani hafifu anayepekua majani ya mwarobaini akidonoa wadudu, uzito wake ni kama gramu kumi, na amezaliwa Ulaya au Siberia. Atakaa nasi hadi Machi au Aprili. Ndege wa namna hiyo hatumii mtama wala wali wala sahani ya mbegu. Anahitaji mti ambao haukupuliziwa dawa.

Mwaka huu nataka mkunazi. Una miiba, kunguru hapendi kuingia, na ndege wadogo wanajenga ndani yake kwa raha. Kunazi zenyewe zinaliwa na watu pia, kama utawahi. Tatizo ni nafasi. Upande mmoja kuna shimo la maji machafu na sitaki mizizi huko, upande mwingine mke wangu anataka pevingi ili gari la pili lipate pa kulala. Fundi alikuja kupima, nikamwonyesha mpaka niliouchora kwa chokaa. Mke wangu anadai mpaka huo umesogea tangu mara ya mwisho alipouona. Umesogea, sikatai, kwa upana wa mche mmoja.